Penseli Ubavuni mwa Tangi

Maji yalimgeuka Jumanne, povu bado kichwani.
Irja Lahtinen, miaka sabini na minne,
alishuka chini ya nyumba na taulo na viatu vya mpira
akakuta tangi limelia usiku kucha,
dimbwi la kutu limefika kwenye maboksi ya mapambo ya Krismasi.

Nje, Thunder Bay, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Fundi alifika saa nane, Desrosiers, kijana,
barafu kwenye nyusi.
Alipiga magoti, akagonga, akasikiliza,
kisha akakaa kimya
kama daktari anayetafuta neno la kuanzia.

Halafu karatasi:
tangi jipya, elfu moja mia nane na arobaini;
kazi, mia saba na hamsini;
vali, kibali, bomba la moshi
(sheria imebadilika, mama, tangu hili liwekwe),
mia nne na kumi na tano;
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
kuondoa la zamani: tisini na tano.
Kodi bado.

Alijumlisha. Akajumlisha tena kwa Kifini,
huenda lugha ya mama ikamwonea huruma.
Elfu tatu mia tano na tatu.
Pensheni ni tarehe ishirini na tisa.
Leo kumi na moja.

Usipoziba ufa, wanasema.
Lakini Veikko aliziba!
Ubavuni mwa tangi, mwandiko wake wa penseli:
Okt. 2006, nimemwaga matope.
Okt. 2007, nimemwaga.
Okt. 2011, fimbo mpya ya kutu, dola arobaini, wezi.
Okt. 2017, herufi zinatetemeka.
Chini yake, bati tupu.
Ukuta umekuja vilevile, na bei yake.

"Nikilitoa mwenyewe, unapunguza tisini na tano?"
Fundi alimtazama mikono.
"Lina kilo sabini, mama. Na matope yake."
Akatia sahihi.

Lilipanda ngazi kwa mkanda, kinyumenyume,
maandishi yakigeukia ukuta.
Hakulisindikiza hadi mlangoni. Baridi.

Usiku alioga, akihesabu dakika kwa senti,
akapoteza hesabu, akaacha.
Kisha akashuka na penseli.
Rangi mpya ilikataa, ncha ikateleza.
Akapanda kuchukua wanja wa nyusi,
akaandika, kwa unene, kwa weusi:
Jan. Sijamwaga kitu bado.