Sekunde Arobaini

Simu ililia saa tisa na dakika kumi usiku.
Tadeja akaipapasa chini ya mto.
Mumewe akavuta blanketi: "Tena?"
"Tena," naye keshavaa soksi.

Nova Gorica imelala, upepo wa burja
unatikisa madirisha kama mdai.
Kwenye skrini mlipuko umekatwakatwa
vipande vyembamba, mkate wa mgonjwa,
kila kipande na mchoro wake wa nishati.

Sekunde ya kwanza, kilele: kilo-elektronivolti mia tisa.
Ya tatu: mia tano na ushei.
Ya saba: mia mbili na kumi.
Miali ya gama ilikuja na makali,
sasa inalainika.

Babu Lovro, mfua misumari wa Kropa,
alisoma chuma kwa rangi, hakuwa na kipimajoto:
cheupe, ngoja; cha manjano, piga;
chekundu, umechelewa, kirudishe.
"Moto haufichi umri," alisema, na kutema mate.

Angeweza kuandika hivyo tu:
kutoka ukali hadi ulaini, kama ilivyo ada,
akarudi kitandani.
Lakini sekunde ya kumi na tisa inamkatalia.
Kilele kinapanda, mia nne na kumi,
na wingi wa mwanga unapanda nacho, bega kwa bega.
Nani huko kavuta mivukuto?
Nani karudisha chuma motoni?

Anagawanya vipande upya, vyembamba zaidi.
Fotoni hazitoshi. Vijiti vya shaka vinarefuka.
Hajui,
na kwa adabu za kazi yake anaandika:
"tafsiri zaidi ya moja zinawezekana."

Saa kumi na mbili umbali unawasili kutoka Chile:
ulimwengu umetanuka mara tatu
tangu mwanga huo ushike njia.
Basi arobaini zake, kule zilikuwa sekunde kumi na tatu,
na ile mia tisa ilikuwa elfu mbili na mia saba.
Safari imeupoza ukali kabla haujamfikia,
kama tusi lililopitia kinywa cha mjumbe mpole.

Mumewe mlangoni, kikombe mkononi:
"Kimekufa?"
"Bado. Kinashuka.
Leo usiku kwa darubini, mwezi ujao labda kwa redio."

Anafungua dirisha kidogo.
Juu ya karatasi anaweka msumari wa babu, ule uliopinda,
zisipeperuke.