Udi Uliotundikwa

Mwanashee, vuta kiti,
nje mvua haisiti,
chai i tayari, keti,
tuzungumze ya ndani.

Nimeona udi wako
umening'inia huko,
jirani na kapu, mwiko,
kama chungio jikoni.

Buibui kahamia,
shimoni ametulia,
nyavu amejifumia,
halipi kodi, mhuni.

Nimesikia sababu:
arusini kwa Shihabu
Famau, loo, ajabu,
akatuzwa Mkomani.

Vidole vyake virefu
vyakimbia bila hofu,
nawe ukajikashifu
ukilia chochoroni.

Ukanambia: "Kipaji
hakipatwi kwa mtaji;
mimi ni mtazamaji,
nafasi yangu pembeni."

Sikujibu siku ile,
kulikuwa na kelele
za jenereta la mbele;
leo nina la moyoni.

Famau namfahamu:
hapana kijana Lamu
mfanowe kujihimu
na udi, juu darini.

Majirani walichoka,
kuna siku wakafoka,
Bi Khuleta akatoka
na ndoo i mkononi!

Hayo huyaoni wewe,
umeona tu mwishowe:
wali usio na jiwe,
hukwona kazi ungoni.

Kipaji sikikatai,
ila peke hakifai;
ni kama jani la chai,
lataka maji motoni.

Nawe unacho cha kwako,
ki kwenye sikio lako:
mwanya mdogo uliko
wausikia njiani.

Siku ile ya zumari
mimi, mzee hodari,
nikasema: "Ziko shwari."
Wewe ukanuna, kwani

chapuo limelegeka
kwa unyevu wa masika;
nikaligonga, hakika
lakohoa kifuani.

Famau hakusikia,
nami lilinipitia,
wewe tu ulitwambia
tuliweke makaani.

Na Mbwarahaji wa shoto,
kachekwa tangu mtoto;
kapindua nyuzi nzito,
zikakaa huku chini.

Sasa, kwa sauti yake,
hapana mfano wake;
dosari ni pambo lake,
wamtambua gizani.

Mimi je? Ona mikono,
vidole vyangu vinono;
mbio kwangu mapigano,
nilizikosa zamani.

Nikachagua kutua,
noti moja kuijua,
kuiacha yapumua,
iishilie angani.

Wakitaka ya simanzi
hunijia kama inzi;
hata Famau, mpenzi,
huketi hapo kitini.

Usifanye saa nne.
Robo saa nikuone,
kila siku, ushikane
na lilo gumu, shingoni.

Ukikosea, hapana
haja ya kujitukana;
rudi taratibu sana,
kidole kitaamini.

Nimekuletea uzi,
risha nimekata juzi
toka kopo la mchuzi,
haitoki Arabuni.

Sikutaki uwe yeye;
yeye yupo, apigaye.
Nataka huyu aliye
kimya, chai mkononi.

Mvua nayo imekata,
na buibui kapata
notisi; atatafuta
nyumba huko dirishani.