Mapovu Mangapi

Saa tisa usiku, Barabara ya Mombasa, ghorofa ya tano,
mimi si Mastura binti Farajallah wa Makina.
Mimi ni Keli.
Keli ana mafua kidogo, ndiyo maana sauti yake si ya kwao.
Huko Marekani wanakula chajio. Hapa mlinzi amelala kakumbatia rungu
na malori ya simenti yanashuka kutoka Athi.

Karatasi ina maswali manne.
La kwanza ni salamu. La pili, umejiandikisha?
La tatu, unamjua mama huyu anayegombea ukarani wa kaunti?
La nne halisemi kitu, linauliza tu:
Je, ungempa kura kama ungejua
aliuza nyumba ya wazee na wazee wakiwa ndani?

Aliuza kweli? nilimuuliza Mutinda, msimamizi.
Akafuta miwani kwa ncha ya tai.
"Sisi hatusemi aliuza. Sisi tunasema kama."

Hilo kama, jamani.
Silabi mbili, halina damu, halina mikono,
lakini nimelisikia likipenya
mfano wa maji chini ya mlango:
kimya, kisha "Mungu wangu," kisha simu imekatwa.
Shilingi kumi na mbili kwa kila simu iliyokamilika.
Lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Mimi nalipwa ili lije.

Wiki ya mwisho ikaletwa orodha ya pili, karatasi ya njano.
Hawa msiwaulize kitu, akasema Mutinda.
Hawa waambieni kura yao ni Jumatano.

Kura ilikuwa Jumanne.

Bi Odesa, miaka themanini na tisa, alinijibu polepole,
birika likipiga mluzi nyuma yake:
"Jumatano, mwanangu?
Mama yangu alikwenda kujiandikisha,
karani akamwinulia mche wa sabuni,
akamuuliza, huu una mapovu mangapi?
Akarudi nyumbani na jibu mdomoni. Amezikwa nalo.
Umesema unaitwa nani?"

Mapovu mangapi.
Nikaiona tena meza ile ya Kibra,
kamati ya uhakiki, Alhamisi, miaka yangu kumi na minane:
lete cheti cha babu. Sasa lete cha babu yake babu.
Babu alibeba bunduki ya Mwingereza hadi Burma.
Hakuachiwa cheti. Aliachiwa medali na kikohozi.
Nyinyi hasa mnatoka wapi?
Makina, nikasema.
Wakatazamana. Kabla ya Makina?
Wenzangu wa darasani walipiga kura mara mbili
kabla sijapewa kitambulisho.
Ile mara ya pili nilijipaka wino wa kalamu kidoleni
nikazunguka nao soko la Toi kutwa nzima,
nikichagua nyanya kwa kidole hicho hicho.

"Mwanangu? Upo?"

Birika limenyamaza.
Juu ya meza ya Mutinda taa nyekundu imewaka:
anasikiliza laini yangu.
Mastura, nasema. Naitwa Mastura.
Na ni Jumanne, bibi. Jumanne. Nenda mapema, beba kiti,
na wakikwambia jina halipo, usiondoke.
"Lile jina lako, litaje herufi moja moja," akasema,
"kalamu ninayo."
Nikalitaja.
Nilikuwa nimefika kwenye U Mutinda alipochomoa waya.

Nilitembea hadi Nyayo kabla ya adhana,
viatu mkononi, mshahara wa siku tisa nimeuacha droo ya mtu.
Ningependa kuishia hapo.

Lakini kwenye karatasi ya njano
Bi Odesa alikuwa wa thelathini na mbili.
Wale wa kabla yake niliwaambia kwa adabu,
kwa sauti tamu ya Keli na mafua yake,
na kila mmoja nilimrudia mara mbili
asije akasahau siku.