Kaharabu

Saa kumi na moja alfajiri baba yuko macho,
nyundo mkononi,
anakwenda kupigilia vigingi vya turubai letu la mistari
kabla watu wa Poznań hawajauziba ufuo.
Ndiyo desturi ya hapa Ustka:
atakayechelewa kuamka
atamaliza likizo akitazama kisogo cha jirani.

Miaka thelathini na miwili aliamka saa hizo hizo
kuteremka chini ya Ruda, mita mia saba,
taa kwenye paji la uso,
mfukoni mkate wa mafuta na kitunguu.
Sasa anateremka ngazi za mbao katikati ya misonobari,
na huko chini, mahali pa giza, bahari.
Siku ya kwanza alivua kofia kama aliyeingia kanisani,
akatazama juu muda mrefu, akasema:
"Hii nayo haina dari."

Maji ya Baltiki hayamjui Julai.
Yanakata vifundo, yanapanda magotini.
Mama Hilda huingia kwa ishara ya msalaba
na hutoka kwa matusi.
Mwanangu Tymek, midomo rangi ya zambarau,
anaapa hasikii baridi,
meno yanamsuta.

Tukafanya basi ya wageni wote.
Tukapanda mnara wa taa, ngazi zikizunguka
mpaka na vichwa vikazunguka.
Tukala samaki wa moshi kwa vidole, juu ya gazeti,
shakwe akaondoka na mkia na nusu ya habari za michezo.
Tukapanga foleni ya mkate wa vyumba vyumba,
krimu ikatufika puani.
Muuza mahindi ya kuchemsha alipita na ndoo yake,
anaita, anaita,
koo limekauka kuliko mchanga.
Mama akamwandikia kadi dada yake
anayekaa ghorofa ya chini yetu:
hali ya hewa ni nzuri sana.
Mvua ilikuwa inanyesha.

Usiku wa nne bahari iligombana na mtu.
Asubuhi Bi Bogumiła mwenye nyumba akagonga mlango:
"Chai baadaye. Nendeni sasa, imetapika."

Ufuo ulikuwa mweusi kwa mwani na vijiti,
watu wenye buti za mpira na nyavu ndogo
wameinama kimya, kila mmoja na bahati yake.
Baba hakuwa na wavu.
Alipiga magoti, akachambua uchafu taratibu
kwa vidole ambavyo sabuni haijawahi kuvimaliza,
na pale ambapo sisi tuliona takataka
yeye akaona.

Punje moja. Kubwa kama harage.

Tukaitia kwenye glasi ya maji ya chumvi: ikaelea.
Tukaisugua kwenye sweta: ikavuta vipande vya karatasi.
Tymek akataka moto. Kwa nini asitake? Ana miaka tisa.
Baba akabandua chembe kwa ukucha, akawasha kiberiti,
chumba kikanuka misa ya Krismasi.

Akakohoa kile kikohozi chake cha chini kabisa,
kile kinachopanda na lifti.
Kisha akakaa kitandani na punje kiganjani,
akaigeuza dirishani, mwanga ukapita ndani yake
kama kwenye chai nyepesi.

"Makaa yale ni misitu," alisema. "Walitufundisha.
Maisha yangu yote nimechimba msitu.
Sikuwahi kufikiri
kwamba miti nayo ilitoa utomvu,
ikisimama juani."

Hakuna aliyejibu. Tymek alikuwa anatafuta kiberiti.

Akampa mama.
Mama akaifuta kwa upindo wa gauni, akaikagua,
akaangalia kiganja chake kama kimeachwa na doa.
"Miaka yote hii, Alojzy," alisema,
"ndilo jiwe la kwanza uliloniletea
ambalo sikulipigia deki."

Akalifunga kwenye leso, fundo mbili.
Baba akatoka kutafuta nyundo:
upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa vigingi vyote,
na watu wa Poznań,
alisema, hawalali.