Nyuzi Ishirini na Nne

Mimi ni fundi friji, Nkuhungu,
mkabala na mashine ya kukoboa.
Kazi yangu kupoza: nyama, soda,
chanjo za zahanati, na mara moja
kitu ambacho sitakitaja.
Nilidhani kila baridi ya mji huu imepita mikononi mwangu,
mpaka Bi Mwanakheri wa wizarani, waliyemhamisha kutoka Tanga,
aliponiita Kisasa, sebuleni kwake,
akanionyesha bahari ndani ya kioo.

Lita mia tatu.
Chumvi ya kupimwa kwa mizani,
maji ya Mzakwe yaliyochujwa na kuchujwa tena
hadi yakasahau kwamba yalikuwa ya kisima.
Humo matumbawe mawili,
samaki-mrija wanne, nyuzi tupu zenye macho,
na farasi-bahari dume na jike, rangi ya kimanjano,
mikia imejifunga kwenye mwani
kama mtoto na kanga ya mamaye soko la Majengo.

"Matumbawe yanataka ishirini na sita," akasema.
"Farasi, ishirini na tatu. Ikizidi hapo
vijidudu huamka, mkia huota vidonda,
halafu… Nyumba moja, fundi, joto la namna mbili."

Nikacheka. Kwangu ni hivyo hivyo:
Sechelela hujifunika blanketi Oktoba,
mimi feni usoni. Mwaka wa kumi na moja huu.
"Tuweke ishirini na nne," nikamwambia,
"kila mmoja anung'unike kidogo."

Nikafufua kompresa ya friji ya duka iliyokufa,
koili nikaizungusha ya plastiki,
maana shaba, alinionya, ni sumu kwa wakaao humo.
Samaki wenye pupa tukawahamisha.
Farasi hula kwa kuwaza:
humtazama kamba mdogo, humtazama tena,
ndipo humvuta, *tik*.
Na tumbo hana. Chakula humpitia
kama abiria wa Mwanza anavyoipita Dodoma,
amelala, kichwa dirishani.
Kiumbe asiye na ghala,
katika nchi ambayo bibi yangu alifundishwa kuhesabu
kwa miaka ya njaa.

Novemba, Bi Mwanakheri yuko safarini, funguo ninazo mimi.
Saa saba mchana umeme ukakatika.
Upepo ulileta vumbi tu.
Ishirini na tano.
Nikakimbilia buchani kwa Chilongani, nikaomba chupa za barafu.
Ishirini na sita.
Chupa moja inaelea, nyingine inayeyuka,
pampu ya betri inakohoa,
matumbawe yamestarehe, yamechanua, hayana habari.
Ishirini na saba usiku unapoingia.

Binti yangu Mbeleje alishika tochi ya simu.
Saa tisa za usiku dume akaanza kujikunja.
Yeye ndiye aliyebeba mimba; nilikuwa nimeambiwa,
ila kuambiwa ni kitu kingine.
Alijikunja, akajinyoosha, akajikunja,
na kila mkunjo ukatema wingu la vijifarasi,
wembamba kuliko kope, wima, wamekamilika,
kila mkia unapapasa cha kushika.

"Baba, mama yao yuko wapi?"
"Yule pale."
"Mbona hafanyi kitu?"
"Anatazama."
Akafikiri. "Kama wewe mimi nilipozaliwa?"
Mimi nilipotazama nilizimia, lakini sikumwambia.

Mmoja alijifunga kwenye uzi wa kipimajoto.
Nilitaka kuutoa nisome.
Sikuutoa.

Umeme ulirudi na adhana ya alfajiri.
Ijumaa, kati ya mia na kitu, walibaki tisa.
Ndivyo ilivyo kwao, Bi Mwanakheri alisema kwenye simu,
na sauti yake ikakwama kidogo.

Ankara nilimwandikia hivi:
barafu, chupa kumi na nne.
Betri, mbili.
Mstari wa tatu nilianza, "usiku mmoja,"
nikatafuta bei,
nikakata.