Kucha za Furu

Sofa iliingia Ijumaa kwa mkokoteni kutoka Nyakato,
kijani cha jani la mgomba, nailoni bado mwilini,
na deni la miezi saba.
Kufika Jumapili mkono wake wa kushoto
ulikwisha anza kutoa nyuzi.

Nilimfukuza Furu kwa kandambili.
Nikamwita mwizi, nikamwita mchawi wa kijivu.
Akazama uvunguni, akanitolea macho mawili
kama karabai za wavua dagaa usiku usio na mwezi.
Alfajiri nikasikia tena:
kwaru, kwaru, kwaru.

Jirani yangu Nyanzobe akasema, mkate kucha hadi nyama;
mjomba wake alimfanyia hivyo paka wa ghalani,
hakukwaruza tena.
Na panya je? nikauliza.
Akaomba chumvi.

Malundi, bwana mifugo, alipita kuchanja ng'ombe za watu.
Nikamvizia kwenye mteremko wa mawe, hapa Mabatini,
nikamvuta ndani na mabuti yake.
Hakucheka.
Alichuchumaa, akaokota kwenye zulia
kigamba chembamba, cheupe, kilichopinda
kama mwezi mwandamo.
"Ukucha wa jana huu. Ameuvua, chini yake kuna mpya.
Hakukomoi, mama Lugembe.
Anaamka, ananyoosha mgongo, kama wewe na miayo yako.
Na nyayoni ana harufu usiyoinusa wewe wala mimi.
Anaandika: hapa pangu.
Ukimpiga, ataandika usiku.
Mpe pa kuandikia."

Nikampa ubao wa tenga la nyanya.
Ukayumba, ukamwangukia kichwani,
siku kumi akaupita kwa mbali kama mtu anayemdai.

Basi nikashuka Mwaloni, Kirumba,
nikapita mafungu ya dagaa bila kununua,
nikanunua kamba ya katani, mita ishirini,
muuzaji akauliza mtumbwi wangu unaitwaje.
Gogo la mkaratusi, refu kumshinda Furu akisimama wima.
Chini nikalikaza kwa jiwe;
Mwanza utakosa maji, utakosa umeme,
jiwe hukosi.
Nikazungusha kamba hadi viganja vikawaka.

Nikaliweka stoo, wageni wasilione.
Furu naye hakuliona.
Malundi akasema kwenye simu:
"Nani anaandika barua yake stoo?
Lilete pale pale anapoharibu."

Nikarudisha nailoni kwenye mkono wa sofa, maana utelezi haupendi,
nikasugua unga wa dagaa juu ya katani,
kisha nikaivuta sofa kutoka ukutani
gogo lipate nafasi.

Hapo nikaona fremu ya mlango.

Mikwaruzo minne ya msumari, mmoja juu ya mwingine:
Lugembe wa miaka sita,
wa minane,
wa tisa na nusu, hiyo nusu aliidai yeye,
na wa kumi na mbili, umekatishwa katikati.
Ule wa kumi na mbili nilimkuta akiuchora.
Nilikuwa na kandambili mkononi.
Nyumba ya kupanga hii, nilimwambia, unataka tufukuzwe?

Sasa yuko Geita, chini ya ardhi, zamu ya usiku.
Nilisimama pale nikipima kwa kidole gumba
hadi chai ikapoa.

Furu alikuja siku ya tatu.
Akanusa. Akazunguka. Akaniangalia
nisije nikawa na neno.
Kisha akapanda kwa miguu ya mbele, akajinyoosha
mpaka nikasikia uti wa mgongo wangu mwenyewe,
akaanza.

Si kila siku.
Jana nimekuta uzi mpya kwenye sofa, upande wa kulia,
nikapiga makofi mara moja, nikambeba hadi kwenye gogo,
nikampa kichwa cha dagaa alipokwaruza.
Fundi ameuliza lini aje kubadili kitambaa.
Nimemwambia tumalize deni kwanza.

Lugembe alipiga simu mwisho wa mwezi.
"Mama, kelele gani hiyo?"
"Furu huyo," nikasema, "anaandika."
Akanyamaza kidogo.
Nami nilikuwa nimeegemea fremu, kidole kwenye ile nusu.
Kisha akauliza dagaa sasa hivi ni bei gani.