Kifungu cha Saba

"Kifungu cha saba," anasoma mkwe wangu.
"Kazi ya kwanza jeshini: wapi, lini, chini ya nani?"
Macho yangu yameniaga tangu Pasaka,
basi kalamu ameishika yeye,
na mvua ya Nebbi inagonga bati kama mtu anayedai.

Andika: Ruwenzori. Andika: sitini na nne.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
nyota moja begani, na kichwani Kilatini cha seminari
kisichoweza hata kuomba maji.

Padri Wouters alitusimulia habari za kijana wa Kirumi
aliyepelekwa kisiwa cha ukungu
ajifunze vita chini ya jemadari mzee,
mwaka ule wenyeji walipoinuka, malkia wao mbele.
Kijana hakujivuna, hakutega kazi,
aliuliza, alisikiliza, akaijua nchi.
Nikasema: na vijiji, Padri?
Padri akafunua ukurasa mwingine.
Baadaye nikajua aliyeandika sifa zile alikuwa mkwewe.
Usicheke. Mkwe haaniki nguo za ndani za baba mkwe.

Mimi nami nilipewa ukungu wangu.
Tulipanda kutoka Kasese alfajiri, watu thelathini,
mbele Sajini Drajole, aliyekwishakula mshahara wa Mwingereza.
"Afande," akasema, "mlima huu hauna adabu,
ukiutazama unakutemea."
Wakonzo walikuwa wamekataa kodi ya Toro,
wamejiundia serikali yao huko juu kwenye mianzi,
na mihuri yake,
na mikuki.
Sisi tulikuwa na bren mbili na nyama ya kopo.

Hakuna vita vilivyotungoja.
Kulikuwa na kahawa imeanikwa mikekani,
chungu cha majimbi bado kinatokota,
mbuzi mmoja kambani, anatukagua kama karani.
Amri ilikuwa kwenye karatasi: nyumba zote za mgongo ule.
Meja hakupanda. Meja alikuwa na goti.

Nyasi mbichi haziwaki upesi, mwanangu.
Hutoa moshi kwanza, mweupe,
usingeutofautisha na ukungu
ila kwa kukohoa.

Nikaandika orodha ya silaha zilizotekwa:
mikuki sita, mapanga tisa,
ngoma moja, kengele moja ya shule,
majembe kumi na manne.
Ndiyo, majembe. Nikatia sahihi.

Ndipo akatoka migombani mama mmoja, Kabugho,
mtoto mgongoni.
Hakulia, hakulaani. Alinyoosha kiganja.
"Risiti."
Risiti ya nini?
"Mtu wa kodi akichukua kuku, hutoa risiti.
Wewe umechukua nyumba."
Drajole alicheka, kisha akaacha.
Nikachana karatasi ya daftari, nyuma yake vitenzi vya Padri,
nikaandika: Nimepokea nyumba moja, vyumba viwili, ghala moja.
Jina, cheo, tarehe.
Aliikunja mara nne, akaiweka anapoweka pesa.

Miezi minane nilikaa kule.
Nilijua kila kivuko cha Nyamwamba,
nilijua mbwa gani wa nani.
Nikaongezwa nyota.

"Baba," anasema mkwe wangu, "hapa pana mstari mmoja tu.
Niandike alirejesha amani, akasifiwa?
Tena wanataka kielelezo. Cheti chochote."

Vyeti vyangu viliungua na kambi, sabini na tisa.
Basi andika hivi, wala usinipambe:
kielelezo kipo, kimoja, kwa mwandiko wangu,
mlimani, kwa Kabugho kama yu hai,
au kwa yule aliyekuwa mgongoni.
Wapande wakakiombe.
Na wakifika, wabishe hodi mlangoni,
ikiwa kuna mlango.